Ombi la Pesa Likikwama Kwenye Simu ya Zamani: Uliza Kabla ya Kurudia

Umeingiza kiasi, umeweka nambari ya siri, umebonyeza tuma, halafu simu ikanyamaza. Kiduara kinazunguka tu. Ama skrini imeganda kwenye maneno "tafadhali subiri". Ujumbe wa kuthibitisha haujaja, na wa kukataa pia haujaja. Je, pesa zimeenda au hazijaenda?

Ndugu mteja, swali hili tunaulizwa sana, na mara nyingi tunaulizwa mambo yakiwa yameshaharibika: mteja amerudia ombi mara ya pili, pengine mara ya tatu, na yote yamepita. Leo tutaeleza kwa nini ombi hukwama, namna ya kujua pesa ziko wapi, na jinsi ya kuitibu simu ya zamani inayokwama kila wakati.

Somo hili tumewaandikia hasa wateja wa Kiwayu na visiwa jirani, ingawa litamfaa yeyote. Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba, kaskazini mashariki mwa mji wa Lamu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Upande mmoja ni bahari kuu, upande wa pili ni mlango wa maji, na ng'ambo ya mlango huo ni Mkokoni, barani. Kwenda benki Lamu ni safari ya boti, na kusi likivuma si kila siku boti hutoka. Kwa hivyo pesa ya mafuta ya injini, pesa ya kamba, ada ya mtoto anayesoma mbali na nauli ya mgonjwa zote zinapita kwenye simu. Ukituma mara mbili kwa bahati mbaya, huwezi tu kutembea hadi ofisini ukasema, "Nirudishieni." Ndiyo maana heri kujua mapema.

Kimya cha simu si jibu

Jambo la kwanza la kuelewa: pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwenye daftari letu, yaani kwenye seva. Simu ni mjumbe. Inabeba ombi lako mpaka kwenye seva, seva inaandika kwenye daftari, halafu jibu linarudi.

Safari ina njia mbili, kwenda na kurudi. Simu ikinyamaza, kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea:

Moja, ombi halijafika. Limekatika njiani wakati wa kwenda. Pesa zako ziko pale pale.

Mbili, ombi limefika na limetekelezwa, ila jibu ndilo lililopotea wakati wa kurudi. Pesa zimeshaenda, wewe tu hujaambiwa.

Tatu, ombi liko njiani au liko kwenye foleni. Bado halijaandikwa, lakini linaweza kuandikwa dakika chache zijazo.

Ukitazama skrini, hali hizi tatu zinafanana kabisa. Kiduara ni kile kile. Anayesema "haijaenda, ngoja nirudie" amechagua hali ya kwanza bila ushahidi wowote. Kama kweli ilikuwa hali ya pili, atalipa mara mbili, kwa sababu ombi la pili likifika kwetu ni ombi jipya lenye nambari yake mpya ya muamala. Mashine haijui kwamba wewe ulikuwa unarudia. Inaona mteja aliyeweka nambari yake ya siri mara mbili na kukubali mara mbili.

Na kurejesha pesa si jambo la kubonyeza tu. Kama aliyepokea ameshazitoa au ameshazitumia, kuzipata inakuwa kazi kubwa.

Ombi lako linapita njia gani?

Ili ujue ombi limekwama wapi, jua kwanza linapita wapi. Kuna njia tatu, na kila moja hukwama kivyake.

Ya kwanza ni menyu iliyo kwenye laini yenyewe, ile unayoikuta kwenye orodha ya simu bila kupiga nambari yoyote. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, ilitumia menyu ya namna hii, kwa sababu ilifanya kazi hata kwenye simu ndogo ya kubonyeza. Menyu hii husafirisha ombi kama ujumbe mfupi wa siri usiouona. Na ujumbe mfupi una tabia moja: ukishindwa kufika, kituo cha ujumbe huuhifadhi na kujaribu tena baadaye. Hivyo ombi au jibu linaweza kuchelewa, kisha likafika wakati umeshakata tamaa.

Ya pili ni menyu ya nyota na reli, ile unayopiga kama nambari ya simu. Hii haina kuhifadhi. Ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na mtandao, kama kuongea na mtu dirishani. Mtandao ukikatika, dirisha limefungwa. Mtandao pia hukupa muda maalumu wa kujibu kila ukurasa. Ukichelewa kubonyeza, unakatwa. Lakini kumbuka: kama ulikuwa umeshathibitisha ukurasa wa mwisho kabla ya dirisha kufungwa, ombi lako limeshaingia ndani.

Ya tatu ni programu ya kwenye simu janja, inayotumia intaneti. Ni rahisi kuisoma, lakini inahitaji mengi zaidi: bando, mtandao wa data, mfumo wa simu usiozeeka mno, na nafasi ya kutosha kwenye simu. Kwenye simu ya zamani, hii ndiyo inayokwama zaidi.

Faida ya kuzijua njia hizi ni kwamba moja ikikwama, unaweza kuitumia nyingine kuuliza. Daftari ni lile lile.

Hatua ya kwanza: acha, andika, uliza

Simu ikikwama katikati ya muamala, fanya haya kabla ya jambo lingine lolote.

Acha. Usibonyeze tena, usiweke nambari ya siri tena. Mpe mjumbe dakika kadhaa. Ikiwa uko majini au chini ya mtelemko, sogea penye mtandao mzuri kwanza.

Andika. Kiasi, nambari uliyoitumia, na saa. Kipande cha karatasi kinatosha. Baadaye haya ndiyo tutakayokuuliza.

Uliza. Angalia salio lako kwa njia nyingine. Ikiwa programu ndiyo iliyokwama, piga menyu ya nyota na reli. Ikiwa hiyo ndiyo iliyokatika, jaribu menyu ya laini. Kuuliza salio hakuhamishi pesa yako kwenda kwa mtu mwingine, kwa hivyo unaweza kurudia kuuliza bila hofu ya kulipa mara mbili.

Lakini salio peke yake linaweza kukudanganya. Chukulia ulikuwa na shilingi 8,000, ukatuma 3,000, simu ikakwama. Unauliza salio, unaona 8,000. Utasema hazijaenda. Kumbe dakika hiyo hiyo mnunuzi wako wa kamba amekutumia 3,000. Kwa hivyo, ukiweza, omba taarifa fupi ya akaunti, ile inayoorodhesha miamala ya karibuni. Hiyo inakuonyesha kila kilichoingia na kila kilichotoka. Muamala wako ukiwemo, umekwisha, usirudie. Kama haumo, subiri kidogo, uliza tena. Ukiuliza tena baadaye na bado haumo, hapo ndipo unaweza kurudia. Ikiwa ni pesa nyingi na bado una shaka, tupigie kwanza.

Unaweza pia kumpigia mtu uliyemtumia, lakini mwambie aangalie salio au taarifa yake mwenyewe. Kusema "sijaona ujumbe" hakutoshi. Huenda yeye ndiye ambaye simu yake imejaa na haipokei ujumbe.

Ukiwa muuzaji au wakala

Kukwama kwa simu kuna upande wa pili. Mvuvi amepima kamba, mnunuzi amebonyeza simu, na anasema, "Nimetuma baba, mtandao tu ndio unasumbua." Boti imewashwa, maji yanakupwa, na kamba hawangoji jua. Mvuvi afanye nini?

Huenda mnunuzi anasema kweli. Huenda pia hajatuma kitu. Na huenda mwenyewe hajui. Ikiwa ni hivyo, hakuna haja ya kugombana wala kumwita mtu mwongo. Muuzaji aangalie salio lake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe. Zikiwa zimeingia, kwaherini, safari njema. Kama hazijaingia, mzigo ubaki ufukweni mpaka ionekane, au mkubaliane kwa kauli na mashahidi kama mlivyozoea kufanya biashara.

Usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mwenzako kama ushahidi. Ujumbe ni maandishi tu, na maandishi mtu anaweza kuyaandika. Hata ujumbe unaoingia kwenye simu yako mwenyewe, hakikisha umetoka kwenye jina letu la kawaida na si kwenye nambari ya mtu binafsi. Matapeli huupenda sana wakati ambao kila mtu anajua mtandao unasumbua.

Kwa wakala sheria ni hiyo hiyo: usitoe noti kabla daftari lako halijaonyesha kwamba muamala umepita. Mteja akiwa na haraka, hata akiwa ni mama yako mdogo, mwambie kwa heshima, "Mama, tusubiri kidogo, niuangalie muamala." Kusubiri dakika tano ni nafuu kuliko kuanza kutafutana kesho yake.

Limekwama wapi: mtandao, laini, au simu?

Ukishajua pesa ziko wapi, sasa tafuta ugonjwa. Wengi huilaumu simu moja kwa moja, au humlaumu mwenye mnara. Afadhali kupima.

Anza na majirani. Waulize walio karibu nawe wenye laini ya mtandao huo huo kama wao wanapata huduma. Kama wote wamekwama, tatizo si simu yako. Usiichokoe. Subiri.

Kama wao wanapata na wewe hupati, badilisha. Toa laini yako, uitie kwenye simu ya mtu wa nyumbani unayemwamini, kisha uulize salio. Ikifanya kazi huko, ugonjwa uko kwenye simu yako. Ikikwama na huko pia, ugonjwa uko kwenye laini au kwenye akaunti. Kipimo hiki ni cha dakika tano na kinakuokoa gharama ya kununua simu bila sababu. Angalizo: nambari ya siri uiweke mwenyewe, usimtajie mwenye simu. Na programu ya simu janja ikihamishwa huenda ikadai kusajiliwa upya, kwa hivyo kipimo hiki kifanye kwa menyu ya nyota na reli.

Sasa kuhusu vile vijiti vya mtandao juu ya skrini. Vijiti vinaonyesha jinsi simu yako inavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyokusikia wewe. Mnara una nguvu na antena iliyo juu. Simu ya 2G kwenye masafa ya 900 haizidi wati 2, na iko mkononi mwako. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti akiwa ng'ambo ya mlango wa maji: wewe unamsikia vizuri, lakini ukimjibu kwa sauti ya kawaida hakusikii. Ndiyo sababu unaweza kuona vijiti viwili na bado kila ombi likakwama.

Tena, katika mpangilio wa kawaida wa 2G, simu haiwezi kuhudumiwa na mnara ulio mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama bahari ni tambarare na hakuna kinachozuia. Mvuvi aliyetoka mbali kwenye bahari kuu asitumie wakati huo kutuma pesa. Afanye kabla ya kutoka au baada ya kurudi. Na mkiwa nchi kavu, tafuteni pahali palipoinuka, pasipo na ukuta au mtelemko kati yenu na mnara. Kila kijiji kina pahali pake panapojulikana kwamba "hapa mtandao unashika". Pale ndipo pa kutumia pesa.

Dawa za simu ya zamani

Kama kipimo kimeonyesha kwamba ugonjwa uko kwenye simu, jaribu dawa hizi kwa utaratibu huu. Baada ya kila moja, uliza salio uone kama imepona. Ukizifanya zote kwa pamoja hutajua iliyosaidia ni ipi.

Futa jumbe za zamani. Simu ndogo za kubonyeza, hasa zinazohifadhi jumbe kwenye laini, zina nafasi chache. Zikijaa, ujumbe wa kuthibitisha hauna pa kuingia. Simu huuambia mtandao kwamba imejaa, na ujumbe husubiri huko nje. Mteja anadhani muamala umekwama, kumbe umeshapita. Ukifuta jumbe chache, simu huuarifu mtandao kwamba nafasi ipo, na jumbe zilizokuwa zikingoja huanza kuingia. Usifute jumbe za miamala ambayo bado ina utata.

Zima na uwashe. Si ushirikina. Simu iliyokaa wiki nzima bila kuzimwa inaweza kung'ang'ania mnara dhaifu au kubaki na kikao kilichokufa. Kama hutaki kuizima, washa alama ya ndege kwa nusu dakika, kisha uizime alama hiyo. Simu itajisajili upya kwenye mtandao.

Angalia tarehe na saa. Watu wengi hawaijui hii. Simu ya zamani ikiisha chaji kabisa, saa yake inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Menyu ya nyota haijali, lakini programu ya intaneti inajali sana. Kabla ya kuongea na seva, programu huangalia cheti cha usalama cha seva hiyo, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu ikidhani tuko mwaka 2012, itakiona cheti kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na itakataa. Weka tarehe sahihi, au washa ile ya kujirekebisha yenyewe.

Chagua aina ya mtandao. Simu nyingi za 4G, ukipiga menyu ya nyota na reli, hulazimika kwanza kushuka kwenye 3G au 2G. Mahali ambapo mtandao unayumba, kushuka huko ndiko kunakochelewesha au kukata. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, chagua 3G au 2G pekee, ujaribu tena. Ukimaliza, rudisha ilivyokuwa, la sivyo intaneti itakuwa nzito.

Kama una laini mbili, tulia na moja. Kwenye simu nyingi za laini mbili, laini moja ikiwa inaongea, nyingine haipatikani. Usiongee na mtu kwenye laini ya pili huku unangoja ujumbe wa pesa kwenye ya kwanza. Hakikisha pia kwamba simu inapiga menyu kwa laini iliyosajiliwa pesa.

Toa laini, ifute, irudishe. Chumvi ya bahari na unyevu huingia hadi chini ya betri. Zima simu, toa laini, ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, hasa ule upande wa shaba, kisha uirudishe sawasawa. Laini iliyokatwa kwa mkasi ili iingie kwenye simu ndogo husumbua sana. Hiyo ni bora ubadilishiwe na mtoa huduma, ukiwa na kitambulisho chako.

Punguza mzigo. Simu janja iliyojaa picha na video za makundi haina pa kufanyia kazi. Futa usizozihitaji na ufunge programu zinazoendelea nyuma. Lakini usifute programu yetu ya pesa ukiwa pahali pasipo na mtandao mzuri, kwa sababu ukiiweka upya itataka kukuthibitisha, na unaweza kukosa huduma kabisa hadi upate mtandao.

Mfumo wa simu ukishazeeka

Kuna wakati dawa zote hizo hazitoshi, kwa sababu mfumo wenyewe wa simu umepitwa na wakati. Chukua Android 4.4, iliyotoka mwaka 2013. Simu zake nyingi zingali zinawaka na kupiga picha vizuri. Lakini Google iliacha kuzipa huduma zake masasisho mnamo Agosti 2023, na WhatsApp kuanzia Oktoba 2023 ikataka Android 5.0 au zaidi.

Sababu kubwa ni usalama. Simu na seva huongea kwa lugha ya siri ili mtu wa katikati asisikilize. Lugha hiyo hubadilishwa kila udhaifu unapogunduliwa. Matoleo yake ya zamani, TLS 1.0 na 1.1, yaliondolewa rasmi kwenye viwango vya intaneti Machi 2021. Android za kabla ya 5.0 hazikuja na toleo la 1.2 likiwa limewashwa kwa kawaida. Basi simu inabisha hodi kwa lugha ambayo mlangoni haisikilizwi tena. Mtumiaji anachoona yeye ni kiduara tu.

Vyeti navyo vina lao. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti mama kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kiliisha muda. Simu na kompyuta mpya zilikuwa zimeshapokea mbadala wake kupitia masasisho. Baadhi ya vifaa vya zamani, ambavyo havikuwa vikisasishwa, viliamka asubuhi havifungui tovuti zilizofunguka jana yake. Mtandao ulikuwepo, bando lilikuwepo, na simu haikuwa imeanguka. Kwa hivyo programu ikikwama ghafla kwenye simu ya zamani ilhali menyu ya nyota inafanya kazi, shuku mfumo.

Kujua toleo lako, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya "kuhusu simu". Kama kuna sasisho, lipakue ukiwa na chaji ya kutosha na mtandao mzuri. Kama hakuna, hujafungiwa nje. Menyu ya nyota na reli na menyu ya laini hazitegemei toleo la Android. Simu ndogo ya kubonyeza, ile ya mulika mwizi, inafika kwenye daftari lile lile. Unaweza kuiacha simu janja yako kwa picha na habari, pesa ukazifanya kwa menyu.

Jambo moja tunalosisitiza: simu ikikataa programu yetu mpya, usikubali kutumiwa faili la programu na mtu kwenye kundi, hata akiwa ni rafiki aliyekusudia kukusaidia. Hujui ndani yake mna nini. Simu ambayo haipati tena masasisho haina kinga ya kutosha, na faili la namna hiyo linaweza kusoma nambari yako ya siri unapoiandika.

Kompyuta ya dukani

Wenye maduka, vikundi vya wavuvi na nyumba za wageni wengine huangalia miamala yao kwa kompyuta. Ikiwa ukurasa wa ripoti unakwama, kanuni ni zile zile. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na toleo la mwisho la Chrome linalofanya kazi juu yake ni la 109, la mwaka 2023. Kompyuta kama hiyo itazidi kusumbua.

Lakini kabla ya kuilaumu, tazama ulichoomba. Ripoti ya mwaka mzima ni mzigo mkubwa kwa kompyuta dhaifu na kwa mtandao wa visiwani. Omba ya siku moja. Ikija haraka, omba ya wiki. Ukiona ya wiki inakwama, umeshajua kompyuta yako inaweza kubeba kiasi gani. Omba kwa vipande. Na usibonyeze "onyesha upya" kila sekunde kumi. Kila ukibonyeza, unaanzisha swali jipya huku la kwanza halijajibiwa, na foleni inakuwa ndefu zaidi.

Wakati wa kutupigia

Tupigie ikiwa taarifa ya akaunti inaonyesha pesa zimetoka lakini mwenzako, baada ya kuangalia salio lake, hakuzipata. Tupigie pia ikiwa umetuma mara mbili, na hapo usingoje hadi kesho. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea ni rahisi zaidi kushughulikia. Na tupigie ikiwa laini yako imekwama hata kwenye simu nyingine.

Ukipiga, uwe na ile karatasi yako: kiasi, nambari uliyoitumia, saa, njia uliyotumia, na nambari ya muamala kama ipo. Tutakuuliza maswali ya kukutambua. Hatutakuuliza nambari yako ya siri. Mtu akikupigia wakati umekwama, akajifanya ni sisi, akasema "nitajie nambari ya siri nikukwamulie muamala", kata simu. Muamala uliokwama hauhitaji nambari yako ya siri ili uonekane kwenye daftari.

Kwa ufupi, ubandike ukutani:

1. Simu ikikwama, usirudie.
2. Andika kiasi, nambari na saa.
3. Uliza salio na taarifa fupi kwa njia nyingine.
4. Muuzaji aamini salio lake, asiamini skrini ya mnunuzi.
5. Pima: majirani, laini, kisha simu.
6. Futa jumbe, zima na uwashe, rekebisha tarehe.
7. Simu ikiwa imezeeka, tumia menyu ya nyota na reli.
8. Nambari ya siri ni yako peke yako.

Mfundishe mmoja nyumbani, hasa mzee ambaye huwa anamtuma mtoto ambonyezee simu. Na kabla ya safari ijayo ya bahari, ukiwa bado uko penye mtandao mzuri, jaribu kuuliza salio kwa njia mbili tofauti. Ukizizoea sasa, siku ya kukwama hutababaika.